Nauli ya Dresa Ssemakula

Mzee Bethuel Ssemakula alikuwa na pasipoti ya Uswidi, pensheni isiyochelewa, binti mwenye kazi yake, na miguu iliyompeleka dukani na kumrudisha bila mkongojo. Kwao Masaka, Uganda, hakwenda hata mara moja tangu ujana wake. Sisi wa Tensta, mtaa wa wageni pembeni mwa Stockholm, tuliokuwa tukikutana naye misibani na harusini tulimsema tulivyoweza. Wakenya walisema ana kesi ya shamba huko. Wakongo walisema kuna mke aliyemkimbia. Waganda wenzake walitikisa vichwa tu, na sisi Watanzania, ambao methali haitutoki mdomoni, tukasema mkataa kwao mtumwa. Mimi Elieshi, niliyekaa ghorofa ya chini yake miaka yote hiyo, nilijua sababu yenyewe, na ningemshukuru Mungu kama ingekuwa mke.

Mzee alikuwa anasubiri serikali imrudishe. Si ya Uswidi, wala ya Kampala. Ile ya Mwingereza, iliyoshusha bendera yake kabla mimi sijazaliwa.

Usicheke. Mimi nilicheka siku aliponiambia, tukiwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, nguo zake zikizunguka kwenye mashine moja na zangu kwenye nyingine. Alinitazama mpaka kicheko kikaniishia. Kisha akaniuliza kama ni kweli naweza kuandika Kiingereza kilichonyooka. Sasa, mimi ni Mpare, na watu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nikaona nimempata ndugu yangu. Nikamwambia naweza, bila kuuliza kesi yenyewe imezeeka kiasi gani.

Ilianzia mlangoni kwa baba yake. Bethuel alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka kufuzu udresa: kusafisha vidonda, kudunga sindano, kugawa dawa. Tanganyika haikuwa na madresa wa kutosha, hivyo serikali ikaja kuwatafuta Uganda. Yeye alipangiwa Newala, kusini kabisa, safari ya meli ya ziwani, treni, meli ya baharini, kisha lori. Baba yake akakataa. Kwao mtoto hatolewi nyumbani hivi hivi. Hata binti anayekwenda kwa shangazi kumsaidia kulea, aliyemchukua ndiye humrudisha, kwa mkono wake, mpaka mlangoni, na wa nyumbani hutamka kwamba amempokea. Mtoto akionekana anakuja peke yake na kifurushi kichwani, majirani hujua mawili tu: amefukuzwa, au ametoroka.

Basi afisa wa Kizungu na karani wake wakaja wenyewe. Wakasimama mlangoni, karani akatafsiri, wakaahidi kwamba kazi ikiisha serikali itamrudisha hapo hapo, yeye na mke atakayekuwa amemwoa na mizigo yao yote. Robinah, dada yake mdogo, alikuwepo, ameshika pindo la gomesi, lile vazi refu la mama yake. Alikuwa mtoto, lakini ahadi ile aliielewa. Mkataba nao ulisema vivyo hivyo, ukaongeza sharti: asisafiri kabla ya idhini. Anayesafiri kwa hela yake amejilipia, na aliyejilipia hana dai.

Uhuru ulipokuja, Bwana Daktari wa Newala alirudishwa kwao Ulaya, yeye na mkewe na masanduku yao.

"Na mbwa," Mzee aliniambia. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mbwa alikatiwa nafasi melini. Kizimba chake nilikibeba mimi hadi kwenye lori."

Yeye aliambiwa kwamba waliotoka nchi jirani wangeshughulikiwa baadaye, avute subira. Akavuta. Alifunga vidonda vya watu wa Newala chini ya bendera mpya, akamwoa Miria aliyeletewa kutoka kwao, akaendelea kuuliza idhini kwa kila mkubwa aliyehamishiwa pale. Baba yake akafa. Habari zilimfikia msiba ukiwa umeshamalizika. Miria akamwambia, nenda basi ukalie kaburini. Akajibu kwamba akienda peke yake atakuwa amemwambia marehemu kuwa mwanawe alifukuzwa. Kisha Uganda ikachafuka, aliyekuwa nje akabaki nje. Wakahamia Nairobi, na mwisho kanisa moja likawaleta Stockholm, ambako yule dresa aliwaogesha wazee wa Kiswidi kwenye nyumba ya wazee ya Vällingby mpaka naye akazeeka. Barbara, binti yao wa uzeeni, akazaliwa huku. Uganda ilipotulia, Miria alikwenda akarudi, akaleta kahawa na picha za nyumba. Yeye alizitazama picha akazirudisha kwenye bahasha. Miria amezikwa makaburi ya Råcksta, mahali pazuri penye misonobari, na kila nikienda pale nasikia hasira.

Nikaandika. Aliniagizia kila neno, amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni.

"Malizia kwa kusema mimi ni mtumishi wao mtiifu."

"Mzee, siku hizi watu hawaandiki hivyo."

"Andika, Mama Adam. Usipoandika hawatajua ni mtu wao."

London wakajibu kwamba utumishi wa Tanganyika uulizwe Dodoma. Dodoma wakajibu kwamba mikataba ya kabla ya Uhuru iulizwe London. Nilipoandika tena London, bwana mmoja mwenye adabu nyingi akatuambia tujaribu Kampala, kwa kuwa mdai ni mtu wa huko. Walitupiga danadana mpaka mimi mwenyewe, Mpare, nikachoka. Mzee hakuchoka. Kila jibu alilipokea kwa heshima, akasema, "Unaona? Hawajakataa." Na ni kweli. Katika maisha yake yote hakuna aliyemwambia hapana. Laiti mmoja angekuwa na roho mbaya ya kutosha kulitamka neno hilo.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Robinah alipougua.

Barbara alikuja Jumapili moja ya Novemba, akanigongea mimi kwanza ili tupande wote. Ni mwalimu wa chekechea huko Vällingby, mwanamke mpole, anayeongea na watoto wa watu siku nzima bila kupandisha sauti. Alisema shangazi yake ana saratani ya tumbo, hospitali ya Masaka imemrudisha nyumbani, na kurudishwa nyumbani sote tunajua maana yake. Alikuwa na ujumbe wa sauti wa shangazi kwenye simu. Tukapanda.

Sauti ilikuwa ya Kiganda, nyembamba, yenye kupumzika katikati ya maneno. Mzee aliisikiliza amefumba macho. Halafu akanitafsiria, kwa sababu ni mtu wa adabu na mimi nilikuwa mgeni.

"Anasema, Bethuel, wamekurudisha au bado? Kama bado, njoo tu. Mlangoni nimebaki mimi peke yangu, na mimi nitasema nimekupokea. Majirani wa zamani wote wamekufa. Hakuna atakayecheka."

Barbara akamshika goti.

"Nakata tiketi leo," alisema. "Tunakwenda wote. Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Bado idhini."

"Pappa, snälla!" alimsihi kwa Kiswidi.

"Bado idhini, mwanangu. Nikienda kwa hela yako, miaka yote hii nimeitupa."

Hapo ule upole wa chekechea ukamtoka. Alisimama akaongea Kiswidi, haraka, huku machozi yanamtoka, na Mzee akawa anatazama dirishani kama mtu asiyeijua lugha ile. Nilichokishika ni hiki: kwamba serikali anayoisubiri imekufa, waliomwahidi wamekufa, baba aliyeahidiwa amekufa, na aliye hai ni mmoja, naye anakufa sasa. Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee alingoja amalize, akamuuliza kama amekula.

Sitaki kujifanya kwamba mimi nilikuwa na hekima. Nilimwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akajibu kwamba tumbo lake ni zima. Nilimwambia ahadi ni deni, lakini mdeni akishakufa deni husamehewa. Akasema serikali haifi. Mtu huyu angeweza kubishana na jiwe likahama.

Wiki ile ile Barbara alikuja jikoni kwangu na karatasi. Aliitoa kwenye bahasha polepole, hanitazami usoni. Ilikuwa idhini. Juu ilikuwa na nembo yenye simba na taji, chini mhuri na saini ya mkubwa asiyekuwepo popote duniani, na katikati maneno mazuri kwamba Bwana Bethuel Ssemakula, dresa mstaafu, amekubaliwa nauli ya kurudi Masaka, alipochukuliwa. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe, usiku kadhaa, baada ya kazi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa katika nchi hii, ambaye hapandi treni bila tiketi hata kituo kimoja, alikuwa ameghushi mhuri wa serikali.

"Aunt Elieshi, ni dhambi?" aliniuliza.

Nilimwambia dhambi ni nyingine. Nikachukua kalamu nikamwonyesha pale palipohitaji Kiingereza cha kizee zaidi.

Tulimpa Jumamosi, saa ya chai. Mzee alivaa miwani, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, akaisoma, akaanza tena kutoka juu. Barbara alikuwa anakoroga chai asiyoinywa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria koti gani atavaa, maana uwanja wa ndege huku Arlanda ni baridi na kule Entebbe ni joto. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, imeshika.

"Imeandikwa mtu mmoja," alisema.

Hatukumwelewa.

"Mkataba ulikuwa mume na mke. Hapa yuko mume tu. Miria yuko wapi?"

"Mama yuko Råcksta," Barbara alisema taratibu.

"Najua aliko mama yako. Nauliza kwenye karatasi yuko wapi. Nikiipokea hivi nimekubali kwamba nilikaa ugenini peke yangu na nilingoja peke yangu. Anayepokea nusu amesamehe nusu." Akaikunja vizuri, akamrudishia binti yake kwa mikono miwili. "Warudishieni, wairekebishe. Mimi nitangoja."

Barbara alichukua koti lake akatoka. Hakubamiza mlango, aliufunga polepole, na nadhani hilo lilituumiza zaidi. Mimi nilibaki nakusanya vikombe, nina hasira hadi vinagongana mikononi mwangu.

Kesho yake Mzee aliniomba nimsindikize sokoni pale Tensta, alitaka ndizi za kupika. Nilikwenda kwa kununa. Tulinunua, na wakati wa kurudi, karibu na maktaba, akasimama kuvuta pumzi.

"Barbara amehangaika sana," alisema. "Mhuri ameuweka mahali pake kabisa."

Niligeuka nikamkabili.

"Ulijua?"

"Mama Adam, wale watu nimefanya nao kazi. Hawakuniita Bwana hata siku moja. Waliandika Dresa, wakimaliza wanaandika namba yangu." Alitabasamu kidogo. "Ni barua nzuri. Ningependa kuwa yule mtu aliyeandikiwa."

"Sasa kwa nini usiende nayo? Kama unajua, si ungekwenda tu! Robinah angefurahi, Barbara angefurahi, na huko nani angekuuliza mhuri?"

"Robinah angeniuliza."

"Robinah amesema uje tu!"

"Amesema hivyo kwa sababu anakufa na ananihurumia. Lakini tangu utotoni amewaambia watu kaka yangu atarudishwa. Aliwaambia wanafunzi wenzake, alimwambia mumewe, aliwaambia wanawe. Waliponicheka yeye alipigana nao. Sasa nishuke kwenye gari pale, mzee mzima, nimejileta mwenyewe na begi mkononi, ayaone hayo kwa macho yake, yawe ndiyo anayoondoka nayo? Ningemdanganya akiwa mzima. Mtu anayekufa nitamdanganyaje? Naogopa, mwanangu. Naogopa uso wake."

Nilipaswa kumshika mkono. Badala yake nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba yeye dresa ndiye angepaswa kulijua hilo kuliko sisi. Nikampa mfuko wake wa ndizi nikatangulia. Alinifuata nyuma, taratibu, nikimsikia anavyohema, nami sikupunguza mwendo.

Kwa siku kadhaa hatukuonana. Nilimsikia juu ya kichwa changu, anatoka chumbani kwenda jikoni, anarudi. Barbara alinipigia akaniambia ameitengeneza upya ile karatasi, safari hii mume na mke, na atamletea wikendi. Nilimwambia Mzee ameshajua ni ya kughushi. Hata kama anajua, alisema, labda akiona jina la mama ataipokea. Nilimwambia ajaribu.

Robinah alikufa Alhamisi. Barbara hakuwahi kuifikisha karatasi ile.

Maziko yalikuwa Jumamosi, na kwa kuwa siku hizi tunazika kwa simu, tulikusanyika kwa Mzee sote tuliomfahamu. Wakenya waliosema ana kesi ya shamba walileta mchele na kuku. Mama mmoja wa Bukavu alikuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akapiga magoti mbele ya Mzee kumpa pole. Hakuna aliyetaja methali. Mzee alikuwa amevaa suti na tai, viatu vimepigwa rangi, amekaa wima kwenye kiti kilichosogezwa mbele ya meza. Barbara alisimamisha simu kwenye kopo la sukari, wote tukaona.

Kule kulikuwa na jua kali. Migomba, mahema ya kukodi, viti vya plastiki, watu wengi. Mwana wa Robinah, mwanamume mwenye mvi tayari, ndiye aliyekuwa ameshika simu. Aliuliza kama Mjomba anaona. Mzee akasema anaona. Aliuliza kama Mjomba angependa kusema neno kabla ya kushusha jeneza, watu wananyamaza sasa, wanangoja. Sote mle sebuleni tukamgeukia Mzee.

Alifungua mdomo. Alianza kwa Kiganda, maneno mawili matatu, akaacha. Kule Masaka umati mzima ulikuwa unamsubiri mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Barbara alimwekea mkono mgongoni. Mzee akajaribu tena, kikatoka kitu kidogo ambacho sikukielewa, na yule mwana wa Robinah akasema tumesikia, Mjomba, na uso wake ukageuka upande. Wakashusha jeneza. Tulisikia udongo ukianguka, kisha wimbo, kisha mtandao ukakatika, ikabaki picha yetu wenyewe kwenye kioo.

Watu walikula, wakaosha vyombo, wakaaga. Nilipokuwa nafunga mifuko ya taka nilimuuliza Barbara pembeni Mzee alikuwa amesema nini. Akaniambia hajui Kiganda cha kutosha, lakini alidhani amesema, nisamehe, nilikuwa njiani.

Mzee alikuwa bado kwenye kiti chake, amelegeza tai. Aliita.

"Barbara. Kata tiketi."

Barbara alitoka jikoni na kitambaa mkononi.

"Tiketi gani, Pappa?"

"Ya kwenda nyumbani. Kwa hela yangu, kwa hela yako, vyovyote. Hata kesho." Aliongea bila kutikisika, kama anayeagiza mkate. "Sasa naweza kwenda. Hakuna aliyebaki wa kuniona nikija peke yangu."

Barbara aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nilikuwa na maneno mengi kifuani, makali, ningeweza kuyatapika yote. Nilimtazama Mzee usoni, nikaona kwamba hakuna hata moja ambalo alikuwa hajajiambia, nikabeba mifuko ya taka nikashuka nayo.